Utepe na Saa

Mimi fundi wa nguo, Majengo, mlango wa pili baada ya kinyozi.
Kazi yangu kupima: kifua, kiuno, bega,
bibi harusi kutoka kisigino hadi majivuno.
Utepe ukizeeka hunyooka, naujua,
hukupunguzia inchi uliyonayo,
ukafurahi mwenyewe
hadi siku gauni likatae kupanda.

Basi daktari aliponambia, "Kimbia, sukari yako yapanda,"
sikuuliza viatu.
Niliuliza: umbali nitaujuaje?

Nimejaribu saa tatu, alfajiri tatu, njia moja:
Majengo, Digo Road, Mji wa Kale, mnara wa taa, nyumbani.

Ya kwanza ya Kadzo, karani wa bandarini.
Elfu sabini na mbili. Hiyo hainunuliwi, huposwa.
Yasikiliza setilaiti za mataifa manne,
usingizi wangu yaupa alama kama mwalimu wa hesabu,
kisha yaniamuru nipumzike saa hamsini na tatu.
Sare za Januari atashona nani?
Lakini Ndia Kuu, penye kuta zilizoinamiana kama wasengenyaji,
haikukosea kona hata moja.
Haki yake naipa.

Ya pili mpya, elfu kumi na moja, mkanda wanuka tairi.
Ramani yake yasema nilipenya ukuta Kibokoni,
nikakatiza jikoni kwa watu,
nikatokea msikitini na viatu.
Siku niliyochepuka Daraja la Nyali
iliandika kuwa naogelea.
Na moyo, mia na sabini na sita!
Kumbe yahesabu nyayo.
Pengine kosa langu: taa yake ya kijani yataka ngozi,
nami niliifunga juu ya baibui.
Nikaukunja mkono wa nguo gizani,
nikaushusha nilipokutana na watokao kuswali.

Ya tatu imetumika. Dukani kwa Twalib, Mwembe Tayari,
kioo kina mkwaruzo, elfu nane na mia tano.
Betri siku nne,
si kumi na nne alizoniapia.
"Ilikuwa ya mkimbiaji hasa, dada."
Nikafungua kumbukumbu. Mwenyewe hakufuta.
Kila Alhamisi, saa kumi na mbili unusu jioni,
atoka Tudor, mwendo wa kobe,
hadi nyumba moja Kizingo,
na hapo mstari wasimama
dakika arobaini na tano.
Mapigo ya moyo, hapo aliposimama,
ndiyo makubwa kuliko yote.

Twalib akatazama kioo. Akanitazama mimi. Akakohoa.
"Elfu saba, uifute."
"Sita," nikasema, "na nisahau."

Jumapili nikaipeleka Mama Ngina na mpwa wangu Shekuwe,
yeye ashika ncha moja ya utepe, mimi nyingine,
mita moja na nusu, chaki, tena mita moja na nusu,
tukichuchumaa pembezoni hadi mita mia.
"Mnaishonea kanzu barabara?" akauliza muuza mihogo.
Nikakimbia. Saa ikasema mia na mbili.
Mita mbili!
Kwenye gauni ni msiba.
Pale, ni kumzunguka muuza mihogo na ndoo yake.

Kadzo bado aniuliza kwa nini sikungoja, nikaweka akiba,
nikanunua kitu cha maana.
Namwambia nimelipa elfu sita,
na mota ya cherehani imepona kwa zilizobaki.
Hayo mengine simwambii:
kwamba nilifuta kila kitu, kama nilivyoahidi,
ila kengele moja sijajua yazimwa wapi.
Alhamisi, saa kumi na mbili unusu,
mteja kasimama mbele yangu mikono kaitanua,
nayo yatetemeka mkononi, yatetemeka,
kama mtu aliyechelewa.
Nang'oa pini mdomoni.
"Njoo kesho, bibi,"
na viatu vyangu viko chini ya cherehani.